Dhahabu ya Kuchovya Haichovywi Tu

Uriri ni eneo la Migori, kaunti inayochimbwa dhahabu, kwa hivyo swali la sokoni huko ni la pesa: mkufu huu ni dhahabu halisi au ya kuchovya? Mimi naona kitenzi hicho kinatupotosha. Chovya pete ya fedha katika maji yenye kopa salfeti, itatoka vilevile. Sasa iunganishe na upande hasi wa betri, na waya wa shaba upande chanya. Ioni za shaba, zenye chaji chanya, huvutwa kwenye pete, kila moja ikapokea elektroni mbili na kuganda pale kama shaba. Ampea 1 kwa saa 1 huleta takriban gramu 1.2. Utando tu!

Mnamo 1834 Michael Faraday aliupa upande hasi jina la kathodi, kwa Kigiriki njia ya kushukia.

Neno jingine ni ‘chumvi’. Mwanakemia huita kopa salfeti chumvi. Mwanafunzi hufikiria ya jikoni. Hiyo ya jikoni, ikiwa ndani ya maji, haiachi sodiamu kwenye kathodi. Hutoka haidrojeni, na kwenye anodi klorini, gesi yenye sumu. Jamani, msiijaribu chumbani.