Ernst May: Mlowezi wa kahawa aliyesanifu jengo la KNCU Moshi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

UKITEREMKA kutoka Machame hadi Moshi mjini, huwezi kukosa kuliona jengo la Chama Kikuu cha Ushirika cha Mkoa wa Kilimanjaro, KNCU. Wazee wa Uchagani wanalijua kwa sababu moja: lilijengwa kwa fedha za kahawa yao.

Kahawa hiyo ilichumwa kihambani chini ya migomba, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa na kubebwa kichwani hadi chama cha msingi. Huko ilipimwa kwa mizani kabla ya kupelekwa Moshi kukobolewa.

Lakini ni wachache wanaofahamu kuwa msanifu wa jengo hilo alikuwa mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wachache zaidi wanajua kwamba kabla ya kuwachorea wakulima hao jengo, yeye mwenyewe aliwahi kulima kahawa Tanganyika.

Jina lake ni Ernst May. Alizaliwa Julai 27, 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, kwenye familia ya wafanyabiashara. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bidhaa za ngozi.

Uwezo wa familia ulimfungulia kijana huyo mlango wa elimu. Alisoma London, kisha Darmstadt na Munich. Kati ya mwaka 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa mitaa yenye bustani, ambako watu wa kipato cha kawaida walijengewa nyumba zenye hewa, mwanga na kipande cha ardhi cha kupanda mboga.

Fundisho hilo halikumtoka. Mtoto wa mwenye kiwanda alijitwisha swali la nyumba ya mfanyakazi: je, mtu asiye na fedha nyingi anaweza kuishi mahali pa heshima?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia ujenzi wa makazi katika jimbo la Silesia. Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimwita awe mkuu wa ujenzi na mipango miji. Katika muda wa miaka mitano tu, Frankfurt ilijenga zaidi ya nyumba 10,000 chini ya uongozi wake, katika mitaa kama Römerstadt na Praunheim.

Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na jiko dogo lililobuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke aliyefanya kazi katika ofisi ya May. Alipanga kabati, sinki na meza ili mama wa nyumbani apunguziwe hatua. Jiko hilo linatajwa hadi leo kuwa chimbuko la majiko ya kisasa.

*Mlango wa nyumbani wafungwa*

Mwaka 1930, wakati mdororo wa uchumi ulipoikumba dunia, May aliondoka na kundi la wasanifu wenzake kwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk. Kazi hiyo haikwenda kama walivyotarajia, na mwishoni mwa mwaka 1933 aliamua kuondoka.

Hata hivyo, nyumbani hapakurudika tena. Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Januari 1933, na mtu mwenye msimamo wa May, aliyetoka kuwafanyia kazi Wakomunisti, hakuwa na nafasi katika Ujerumani ya Wanazi.

Wenzake kadhaa walielekea Marekani. Walter Gropius aliingia huko mwaka 1937 na Ludwig Mies van der Rohe mwaka 1938, na wote wawili wakapata vyuo vya kufundisha na majengo makubwa ya kuchora. May alichagua njia tofauti. Mwaka 1934 yeye, mkewe Ilse na watoto wao wawili wa kiume walihamia Tanganyika.

Mtu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba akanunua shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru, akawa mlowezi anayehesabu mvua na bei ya kahawa.

Ni vema kukumbuka hali ilivyokuwa kwa jirani zake wa Kilimanjaro. Wachaga walikuwa wameunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, huku baadhi ya walowezi wakipinga Mwafrika kulima zao hilo. Miaka ya mwanzo ya 1930 chama hicho kilirithiwa na KNCU.

Ushirika huo nao haukuwa na amani tupu. Mwaka 1937 baadhi ya wakulima mlimani walifanya ghasia wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU peke yake. Mwaka huohuo May aliachana na kilimo, akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza hawakujali kwamba Mjerumani huyu alikuwa amemkimbia Hitler. Kwao alikuwa raia wa nchi adui. Aliwekwa kizuizini nchini Afrika Kusini hadi mwaka 1942.

*Mteja wa Moshi*

Baada ya kuachiwa, kazi zilianza kumjia. Serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kuandaa mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika eneo la Kololo na Naguru. Alisanifu pia Jumba la Makumbusho la Uganda, shule ya wasichana ya Aga Khan huko Kisumu na Hoteli ya Oceanic, Mombasa.

Kisha ikaja kazi ya Moshi. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda baada ya vita, na KNCU ikaamua kujijengea makao makuu yenye hadhi ya chama tajiri. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1952. Halikuwa la ofisi pekee: lilikuwa na maduka, maktaba, ukumbi na vyumba vya kulala wageni.

Hapa ndipo mafunzo ya Frankfurt yanapoonekana. Mkulima aliyetoka Machame, Kibosho au Rombo kufuatilia mambo yake mjini alipata jengo lenye nafasi kwa ajili yake, katika mji ambao huduma nyingi nzuri zilikuwa za Wazungu.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumfanya May mtetezi wa Mwafrika. Mpango wake wa Kampala uliacha makazi ya watu yagawanywe kwa rangi, na maandishi yake yaliwazungumzia Waafrika kama watu wa kuongozwa taratibu kuelekea ustaarabu. Ndani ya KNCU kwenyewe, meneja Mwingereza A. L. B. Bennett alikuwa na sauti kubwa kwa miaka mingi.

Lakini kuna tofauti moja isiyofichika. Kampala aliyelipa ni Serikali ya kikoloni. Moshi aliyelipa ni mkulima mweusi, miaka tisa kabla ya Uhuru. Mawazo yoyote aliyokuwa nayo msanifu juu ya Waafrika, fedha iliyomlipa ilikuwa yao.

May hakukaa kuuona Uhuru huo akiwa hapa. Alirejea Ujerumani mwanzoni mwa mwaka 1954, akashiriki kuijenga upya nchi iliyobomolewa na vita, ukiwamo mtaa mkubwa wa Neue Vahr mjini Bremen. Alifariki dunia mjini Hamburg Septemba 11, 1970.

Jengo lake lilibaki na wenyewe, ingawa nao walipita katika misukosuko. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na vikarejea baada ya sheria mpya ya mwaka 1982. Bei ya kahawa nayo imepanda na kushuka, na wapo waliong'oa mibuni kihambani wakapanda mazao mengine.

Frankfurt imeihifadhi kumbukumbu ya May. Mojawapo ya nyumba zake za Römerstadt imerejeshwa katika hali yake ya zamani ili wageni waingie na kuona jiko lile dogo. Kwa hiyo jina la msanifu halina hatari ya kupotea.

Kinachoweza kupotea ni majina ya upande wa pili: wakulima waliokubali sehemu ya mapato ya kahawa yao iwe kuta na ngazi badala ya kwenda mfukoni. Waliokuwa vijana mwaka 1952 sasa ni wazee sana, na wengi wameshatangulia mbele ya haki. Aliye na babu au bibi wa umri huo amuulize mapema, kabla jengo hilo halijabaki na historia ya mchoraji peke yake.