Fedha Isiyo na Chapa: Kuyatambua Mapambo ya Urithi ya Mrima

Neno "fedha" lina maana mbili katika Kiswahili: madini meupe, na mali inayonunulia bidhaa. Katika pwani ya Mrima maana hizo zilikutana mkononi mwa sonara. Katika karne ya 19, alipohitaji fedha ya kufulia furungu au kekee, aliweza kuyeyusha sarafu, hususan reale ya Maria Theresa. Pambo la mwanamke lilikuwa pia akiba yake ya siku ya dhiki.

Asili hiyo ndiyo msingi wa utambuzi. Nchini Uingereza fedha hupigwa chapa kisheria, na kiwango chake mashuhuri ni sehemu 925 kwa 1000. Reale ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na fedha safi sehemu 833 kwa 1000. Kwa hiyo, anayelidharau furungu la bibi yake kwa kuwa halina "925" analipima kwa kanuni ya ugenini. Atazame kwanza ukingo wa ndani uliolika: wekundu au umanjano wa shaba ukijitokeza, fedha ni ya juujuu tu. Kisha alipime uzito. Jozi yenye gramu 280 ilihitaji madini ya reale 10.

Sarafu iliyotungwa kwenye mkufu nayo isisomwe kwa pupa. Reale imeendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa. London, kwa mfano, ilianza kuipiga mwaka 1936. Tarehe hiyo, basi, haithibitishi umri wa mkufu. Rupia ya Kijerumani ya 1890, wakati Bagamoyo ilipokuwa bado makao makuu ya utawala, husema zaidi kidogo: sarafu hiyo haikutungwa kabla ya mwaka huo.

Thamani ni suala jingine. Mnunuzi wa fedha chakavu hulipia gramu, kisha huyeyusha. Ufundi wa sonara na jina la pambo hupotea, na pamoja navyo ushahidi wa mali ya mwanamke, kwani mahari kisheria ni yake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla warithi hawajagawana, pambo lipimwe, lipigwe picha, na wazee waulizwe linaitwaje, lilivaliwa na nani, na katika shughuli gani. Majibu yao yaandikwe, maana pambo lisilo na chapa halina cheti kingine.