Nyutro ya Kuazima: Kweli au Si Kweli?

"RCD ikikata umeme mara kwa mara, imeharibika."

Si kweli, mara nyingi. RCD, kifaa cha kukata umeme unapovuja, hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, kiwango cha kawaida majumbani, inakata ndani ya sekunde 0.3, kwa sababu umeme uliopotea huenda unapita mwilini mwa mtu. Sasa chukua nyumba ya ghorofa. Ili kuokoa waya, fundi ameipa taa ya ngazi laivu ya saketi ya juu na nyutro ya saketi ya chini (hiyo ndiyo nyutro ya kuazima), na kila saketi ina RCD yake. Balbu ya wati 20 kwenye volti 230 huvuta takriban miliampia 87. Ukiiwasha tu, RCD ya juu inaona umeme umetoka haukurudi, ya chini inaona umerudi usiotoka kwake. Zote zina haki ya kukata. Ukiweka balbu ya wati 2 huenda zisikate, lakini kosa liko palepale.

"Kama RCD haikati, waya zimefungwa vizuri."

Si kweli. RCD moja ya nyumba nzima haiwezi kugundua nyutro iliyoazimwa, maana kila kitu kinatoka na kurudi kupitia kwake.

"Nyutro haina umeme, haiui."

Si kweli, na hili limewaponza mafundi wenye uzoefu. Katika nyumba ile ile, fundi anazima breka ya chini, anapima laivu kwa testa, haiwaki, anaamini. Akiifungua nyutro huku taa ya ngazi imewashwa, ncha aliyoishika inapata volti 230 kupitia balbu. Pima nyutro pia, kila mara.

"Bila ethi RCD haifanyi kazi."

Si kweli. Inafanya kazi, ila pasipo ethi, pasi yenye hitilafu itasubiri mtu aiguse ndipo umeme ukatwe. Penye ethi, RCD hukata kabla hajaigusa.

"Ukiwa na RCD huwezi kufa kwa umeme."

Si kweli. Ukishika laivu na nyutro pamoja, RCD inakuona kama kifaa tu.

Fundi akikuambia dawa ni kuing'oa RCD, mkatalie. Mwambie airudishe kila nyutro kwenye saketi yake, kisha abonyeze kitufe cha majaribio mbele yako.