Chombo Hupinduka kwa Sababu Gani?

Tusikiapo ya kuwa chombo kimepinduka, huyalaumu mawimbi. Lakini mara nyingi maji ni shwari, na nchi kavu i karibu. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Viktoria, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101; waliokufa walizidi 220. Basi yatupasa kuijua sababu.

Chombo kina nguvu mbili. Uzito wake wote, pamoja na watu na shehena, huvuta chini kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, napo twapaita kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu, katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiinama, upande ule huzama zaidi, na nguvu ya maji huhamia huko, ikakiinua tena. Ndiyo maana chombo huenda mrama kisipinduke. Lakini kitovu cha uzito kikiwa juu mno, chombo kikiinama, uzito huipita nguvu ya maji kwa upande; ndipo nguvu zile zile zilizokuwa zikikiinua hukipindua.

Tutoe mfano. Mtumbwi wa kilo 300 umechukua watu 10, kila mtu kilo 60. Wakisimama wote, na kitovu cha kila mmoja kikipanda sentimita 30, kitovu cha mtumbwi na watu pamoja hupanda sentimita 20. Kwa mtumbwi mwembamba hayo si madogo. Tena wakisongamana upande mmoja ili wawahi kushuka, wameongeza hatari juu ya hatari.

Maji yaliyoingia chomboni nayo ni adui, kwa kuwa hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Kwa hiyo mabaharia hufua maji bila kuchoka, na farumi huiweka chini kabisa. Nao wavuvi wa pwani huifungia ngalawa matengo mawili, moja kila ubavu, yaizuie isilale.

Basi, akina baba na akina mama, mpandapo chombo na watoto wenu, mizigo mizito na iwekwe chini, nanyi mkae chini. Chombo kikijaa, ngojeni kingine, ijapokuwa jua linakuchwa. Na mwonapo gati, msiinuke, bali mngoje hata kamba ifungwe, mkashuke mmoja mmoja. Kuchelewa kidogo si hasara. Aliyefika salama amefika mapema.