Siha na Maskani Katika Mji wa Nairobi

Wako watu, na baadhi yao ni wenye elimu, wanaodhani kwamba maradhi hayabagui, na ya kuwa homa ikiingia mjini humkuta tajiri kama imkutavyo fakiri. Walakini atakayeitazama Nairobi kwa makini ataona kuwa maradhi hubagua, tena kwa kufuata mtaa. Mwaka 2000 Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika kiliwachunguza wakazi wa mitaa ya mabanda ya mji huo, kikabaini kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 151 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali kwa Nairobi nzima hesabu ilikuwa 62, na kwa vijiji vya Kenya 113. Hesabu hii ya mwisho ndiyo ya kustaajabisha, maana mzazi aliyeliacha shamba lake akahamia mabanda ya Kibera au Korogocho alitaraji, pamoja na kazi, kuwa jirani na daktari. Na jirani alikuwa kweli, ila ada ya daktari hakuwa nayo, na mwanawe akawa hatarini kuliko binamu zake waliobaki kijijini.

Sababu si za ghaibu. Choo kimoja kikishirikiwa na jamaa nyingi, na mtaro wa maji machafu ukapita mlangoni, kuhara hakukosi kuingia. Na chumba kimoja chenye moshi wa jiko na watu waliobanana hukaribisha kichomi na kifua kikuu. Maji nayo huuzwa kwa mtungi wa lita 20, na bei yake, ikipimwa lita kwa lita, huizidi mara kadhaa ile alipayo mwenye bomba huko Muthaiga, mtaa wa matajiri. Kisha bwana afya huja kumhubiria usafi huyo huyo mnunuzi wa mitungi!

Wala hali hii haikuzuka yenyewe. Tauni ilipoingia mwaka 1902, watawala wa kikoloni waliuteketeza kwa moto mtaa wa maduka ya Wahindi. Na baada ya Profesa Simpson, mtaalamu wa siha kutoka Uingereza, kushauri, mwaka 1913, kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kimakazi kwa hoja ya siha, vilima vya magharibi vikawa vya Wazungu, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Leo sharti la rangi limeondoka, la fedha likashika mahali pake. Na kwa kuwa wengi wa wakazi wa mabanda hawana hati ya kiwanja, bomba la halali huchelewa kuwafikia, na mchuuzi wa mitungi huwahi.