Masikio Yaliyochomoza: Sindano, Uzi na Swali la Maadili



Baada ya semina moja ya maadili parokiani, mama mmoja alitufuata na swali ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mwanawe yuko darasa la tano na masikio yake yamechomoza. Shuleni wanamwita Popo. Kuna siku hataki kwenda shule, na akipelekwa kunyolewa analia. Mama huyo amesikia kwamba siku hizi wako madaktari wanaoyarudisha masikio nyuma bila kupasua, kwa sindano na uzi tu. "Frateri," akauliza, "nikimpeleka nitakuwa namtibu mwanangu au namfundisha majivuno?"

Swali hili lina upande wa kitabibu na upande wa kimaadili, na wengi hukimbilia wa pili kabla ya kuuelewa wa kwanza. Sisi tutaanza na sikio lenyewe.

Sikio la nje limejengwa kwa gegedu lililofunikwa na ngozi nyembamba. Ndewe peke yake ndiyo isiyo na gegedu. Papasa sikio lako. Utakuta ukingo wa nje, kisha ndani yake tuta jingine linalofuatana na ukingo huo, na katikati shimo kama bakuli linaloelekea kwenye tundu la kusikia. Lile tuta la ndani ndilo linaloulaza upande wa juu wa sikio kuelekea kichwani. Kwa watu wengine tuta hilo halikujikunja vya kutosha, sikio likabaki limefunguka. Kwa wengine tuta lipo, ila bakuli lina kina kirefu mno na linalisukuma sikio zima nje. Wako pia wenye hali zote mbili, na mara nyingi ukimtazama baba au bibi utaona mtoto amerithi. Kwa kawaida ukingo wa sikio huwa karibu sentimita 1.5 hadi 2 kutoka kichwani. Ukizidi hapo ndipo madaktari husema sikio limechomoza.

Hali hii haipunguzi kusikia. Mtoto wa mama yule anasikia kengele, mahubiri na matusi sawasawa na wenzake. Tunalisema mapema kwa sababu ndilo linalofanya suala hili liwe gumu: hakuna ugonjwa wa sikio unaotibiwa hapa. Kinachomuumiza mtoto ni jinsi anavyotazamwa na wenzake.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1881 daktari Edward Talbot Ely wa New York alieleza upasuaji aliomfanyia mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akichekwa na wenzake kwa sababu ya masikio yake. Huo ndio unaohesabiwa kuwa upasuaji wa kwanza wa masikio yaliyochomoza kuandikwa katika tiba ya kisasa. Zamani hizo daktari alikata ngozi ya nyuma ya sikio pamoja na kipande cha gegedu, akashona. Mwaka 1910 daktari mwingine wa Marekani, William Luckett, alitambua kwamba tatizo mara nyingi ni lile tuta lisilojikunja, na kwamba kazi ya daktari ni kulitengeneza. Kisha mwaka 1963 Jack Mustardé, Mskoti, akaonyesha kwamba gegedu laini linaweza kukunjwa kwa nyuzi zinazofungwa nyuma ya sikio, bila kulikata. Huyu Mustardé tunampenda kwa sababu nyingine pia. Akiwa mzee aliyekwisha kustaafu alikwenda Ghana, akasaidia kuanzisha kitengo cha upasuaji wa kurekebisha viungo katika Hospitali ya Korle Bu, Accra, kwa ajili ya watu walioungua na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Ujuzi uliokunja masikio ya watoto wa Uskoti ni wa familia moja na ule unaomrudishia aliyeungua uso wake.

Njia aliyoisikia mama yule ni mtoto wa njia ya Mustardé. Mwaka 1995 daktari Michael Fritsch wa Marekani alichapisha namna ya kuweka nyuzi hizo bila kupasua ngozi ya nyuma ya sikio. Daktari hulisukuma sikio kwa kidole hadi likae anavyotaka, akaweka alama. Sehemu inatiwa ganzi. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hulazwa usingizi kabisa. Ikiwa gegedu ni gumu, daktari anaweza kulikwaruza kidogo kwa ncha ya sindano ili likubali kupinda, kwa kuwa gegedu likikwaruzwa upande mmoja huelekea kupinda upande wa pili. Kisha sindano yenye uzi usioyeyuka inapita ndani ya gegedu na chini ya ngozi, inatoka na kurudi kwenye tundu lile lile, hadi uzi unazunguka na kufungwa. Fundo linazama chini ya ngozi. Nyuzi chache kwa kila sikio zinatosha, na mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wiki kadhaa huvaa kitambaa cha kichwa, hasa usiku, asije akalikunja sikio akiwa usingizini.

Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Maneno "bila kisu" yanavutia, na matangazo yanayatumia sana. Ngozi haikupasuliwa, ni kweli, lakini gegedu limetobolewa na ndani ya mwili kumebaki uzi utakaokaa humo miaka. Uzi unaweza kukatika au kulichana gegedu taratibu, sikio likarudi lilikokuwa. Fundo linaweza kujitokeza kwenye ngozi. Vijidudu vikiingia kwenye gegedu, matibabu yake si mepesi, maana gegedu halina mishipa yake ya damu. Masikio mawili yanaweza yasilingane. Tena njia hii inafaa zaidi pale gegedu lilipo laini na tatizo likiwa lile tuta. Mwenye bakuli lenye kina kirefu au gegedu gumu la mtu mzima huenda akahitaji upasuaji wa kawaida. Daktari anayemwahidi kila mtu uzi, huyo tungemkimbia.

Liko na la kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, nalo katika makala za Ulaya huguswa kwa mstari mmoja tu. Ni keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita mpaka wa jeraha lenyewe. Hutokea zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, na sikio ni mojawapo ya mahali linapopapenda. Nani hajamwona binti aliyetobolewa sikio kwa ajili ya hereni, baada ya miezi akawa na uvimbe mgumu mkubwa kuliko hereni yenyewe? Uvimbe huo ukikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi. Kwa hiyo tundu dogo la sindano lina faida kweli, kwa sababu jeraha ni dogo kuliko lile la kupasua, ila hatari haiondoki. Mzazi amwambie daktari bila kufichwa kitu: je, mtoto mwenyewe, ndugu zake au wazazi wake wamewahi kuota makovu ya namna hiyo? Mtoto aliyechekwa kwa masikio ya popo asije akachekwa kwa kovu ambalo haliondoki kirahisi.

Sasa tuingie upande wa pili. Je, sikio lililochomoza ni kasoro? Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anatoa mfano wa pua: pua isiyonyooka kabisa bado inaweza kupendeza, lakini ikizidi sana kupinda hufika mahali haionekani tena kuwa pua. Mfano wenyewe aliutumia kueleza serikali, lakini unatufaa. Maumbile yana nafasi. Si kila kinachotofautiana na wastani kimeharibika. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anataja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Sikio lililochomoza halijapungukiwa na kiungo chochote. Ni ulinganifu tu unaozungumzwa, na ulinganifu kwa sehemu huamuliwa na macho ya jamii.

Kwa sehemu kubwa kiasi gani? Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti kwamba vijana nchini China walikuwa wakilipa ili masikio yao yachomoze, kwa kuchomwa sindano za kujaza nyuma ya sikio, wakiamini kwamba sikio likionekana kwa mbele uso huonekana mwembamba na wa kitoto. Sindano huku inarudisha nyuma, sindano kule inaleta mbele! Nasi hapa nyumbani tunajua kwamba ndewe ndefu iliyotobolewa na kuvutwa ni pambo la heshima kwa Wamasai, na wako vijana wa kabila hilo hilo wanaotafuta daktari wa kuishona. Sikio ni lile lile. Linalobadilika ni jicho linalolitazama.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi mtoto aambiwe avumilie, kwa kuwa tatizo ni la wanaomcheka. Sisi hatufiki huko. Ni kweli kwamba wa kwanza kurekebishwa ni darasa: mwalimu anayesikia jina "Popo" na kucheka pamoja na wanafunzi ana kazi ya kufanya kabla ya daktari yeyote. Lakini mtoto haishi katika jamii tunayoitamani, anaishi katika darasa la tano. Maumivu yake ni ya kweli hata kama chanzo chake ni macho ya wengine.

Kanisa halijanyamaza juu ya hili. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kifo chake, Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hakuwalaani. Aliufundisha uzuri wa mwili kuwa ni jambo jema, ingawa si jema la juu kabisa, na akaeleza kwamba upasuaji wa aina hiyo unaweza kuwa halali: nia iwe safi, afya isiwekwe katika hatari kubwa, na sababu iwe ya busara, yenye uzito unaolingana na kile kinachofanywa. Alitaja pia pale usipokuwa halali: kwa mfano kutafuta nguvu ya kuwavuta wengine dhambini, kumficha mhalifu asikamatwe, kuharibu kazi ya kiungo, au kufuata majivuno na mitindo tu. Katekisimu nayo, katika namba 2289, inahimiza kuutunza mwili lakini inakataa kuuabudu.

Ukimpima mtoto wa mama yule kwa vigezo hivyo, sababu ipo na ina uzito. Kazi ya kiungo haiharibiwi. Hatari ni ndogo ikiwa hakuna historia ya keloidi, na ni kubwa zaidi ikiwa ipo, na hapo jibu laweza kubadilika. Kwa mtazamo wetu, upasuaji huu kwake si majivuno. Kinachobaki ni nia, na nia lazima tuulize ni ya nani. Wapo wazazi ambao aibu ni yao wenyewe, mtoto hana habari. Sikio hufikia karibu ukubwa wake wa mtu mzima mtoto akiwa na miaka mitano au sita, hivyo madaktari wengi hawaoni shida kulifanyia kazi kuanzia umri huo. Lakini mtoto wa miaka mitano anayecheza kwa furaha bila kujali masikio yake hana sababu ya kuchomwa sindano ili picha ya Komunyo ya Kwanza ipendeze. Asubiriwe aseme mwenyewe. Wa darasa la tano amekwisha kusema, kwa machozi yake. Vilevile yuko mtu mzima ambaye masikio yake yamekaa sawa na kila mtu anamwambia hivyo, lakini yeye kwenye kioo haoni kingine ila kasoro. Huyo anahitaji msaada wa afya ya akili, na daktari mwaminifu hukataa kumshona.

Kuna mafrateri wenzetu waliouliza, nusu kwa utani, kama kurekebisha sikio ni kizuizi cha kupata Daraja. Kanuni ya 1041 ya Sheria za Kanisa inamtaja aliyejikata kiungo yeye mwenyewe au mwingine, kwa uzito na kwa nia mbaya. Na tangu Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, Kanisa lilikwisha kutofautisha kati ya aliyekatwa na daktari kwa ajili ya ugonjwa na aliyejikata mwenyewe. Uzi nyuma ya sikio hauhusiki hata kidogo. Walale salama.

Limebaki jambo moja, nalo ni la haraka kwa wazazi wenye watoto wachanga. Katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, gegedu la mtoto bado ni laini sana kwa sababu ya homoni za mama zilizobaki katika damu yake. Madaktari wa Japani walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba sikio likishikiliwa kwa umbo linalotakiwa katika kipindi hicho, kwa kifaa laini na plasta, kwa wiki kadhaa, mara nyingi hubaki hivyo. Hakuna sindano, hakuna ganzi, na kwa kuwa ngozi haijeruhiwi, hakuna kovu la kuota. Mtoto akifikisha miezi michache gegedu linakuwa limekaza na nafasi hiyo imepita. Msijaribu wenyewe kwa plasta za dukani, maana ngozi ya mtoto mchanga huchubuka upesi. Mwonyesheni muuguzi au daktari wa watoto masikio hayo katika kliniki ya kwanza, siku mnayompeleka kupimwa uzito.