Usemi wa Watu wa Mchezoni

Mtaalamu wa Kijapani, Kinsui Satoshi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2003 jambo ambalo wasomaji wa hadithi za kwao hulijua bila ya kufundishwa. Katika hadithi hizo mzee mwenye elimu hujiita washi, na askari wa upanga wa zamani hujiita sessha. Msomaji humtambua msemaji kabla ya kutajiwa jina lake. Lakini ni wanachuoni wachache mno wa Japani wasemao hivyo nyumbani mwao. Usemi huo ni vazi la mchezoni.

Kiswahili hakina vazi la namna hiyo. Mimi ni mimi, akitamka liwali wa zamani au mpagazi wake, mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo katika mwambao wa Tanga na Pangani kazi hiyo hufanywa na maamkio na majina ya udugu. Aaminiye kuwa ni mdogo husema shikamoo, neno litokanalo na kushika miguu; ajibuye marahaba ameupokea ukubwa. Mtunzi akiyaandika maneno hayo mawili tu, hana haja ya kutueleza nani mkubwa.

Lipo jambo jingine, nalo si la adabu. Katika vichekesho mgeni huvishwa matamshi kama avishwavyo kofia. Mwenye duka wa Kihindi husema “veve nataka nini?”, na mtu wa bara hubadili r kuwa l kila afunguapo kinywa. Watu hucheka kabla hajasema la maana. Katika Tanga jambo hili lina uzito. Tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893, mashamba yalikusanya manamba kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko, nao walijifunza Kiswahili wakiwa watu wazima. Mjukuu wao aliyezaliwa Muheza husema kama jirani zake. Jukwaani bado hupewa ulimi wa babu yake.

Wala mwenyeji hakusalimika. Kimtang'ata, alichokichunguza W. H. Whiteley katika miaka ya 1950, kina kanuni zake kamili. Hata hivyo, tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, mvuvi wa Tongoni asemaye lahaja ya mamaye huweza kudhaniwa kuwa hakusoma. Ningependa kuona mchezo mmoja ambamo hakimu ndiye asemaye Kimtang'ata, na mshtakiwa ndiye asemaye Kiswahili cha vitabuni.